Siku saba za uumbaji kwa akina mama wa kazi: siku ya pili nifundishe nini?

Mwalimu_wa_Jioni (Morogoro)

Bwana asifiwe wapendwa. Naomba msaada wenu kabla ya wiki ijayo. Usharika wetu una juma la maombi la wanawake na mimi nimepangiwa tafakari za jioni, siku saba mfululizo, kitabu cha Mwanzo sura ya kwanza hadi mwanzo wa sura ya pili. Kila jioni siku moja ya uumbaji.

Shida yangu ni kwamba mafundisho mengi niliyoyasikia juu ya siku hizi yanafanana. Siku ya kwanza ni nuru, basi pata maono. Siku ya tatu ni mimea, basi panda mbegu. Siku ya sita ni mtu, basi tawala. Akina mama hawa wameshayasikia hayo tangu wakiwa mabinti. Yupo mama ntilie wa stendi, yupo fundi cherehani, yupo muuguzi anayeingia zamu za usiku, yupo mjane anayeuza mkaa kwa makopo mlangoni kwake, na wastaafu kadhaa. Wanafika saa kumi na mbili jioni miguu imevimba. Natamani kila mmoja aondoke na kitu cha kumfaa kesho yake asubuhi akishaamka.

Siku ya pili ndiyo imenishinda kabisa. Anga, maji ya juu, maji ya chini, basi. Na Mungu hakusema kuwa ni njema! Nimerudia mistari ile nikidhani nimeruka neno. Halafu mabinti wa kwaya lazima wataniuliza nuru ya siku ya kwanza ilitoka wapi, wakati jua limekuja siku ya nne. Mwenye kulijua hili anisaidie, nitashukuru sana.

Mfunzi_wa_Neno (Dodoma)

Shalom mwalimu. Nakupa mambo mawili ya darasani, wengine watakuletea ya moyoni.

Kwanza, usizisome siku hizi kama foleni. Zisome kama safu mbili zinazotazamana. Siku tatu za mwanzo Mungu anatenga: nuru na giza, maji na maji, nchi kavu na bahari. Siku tatu zinazofuata anajaza pale alipotenga. Ya nne inaijibu ya kwanza, mianga ikiwekwa mahali pa nuru. Ya tano inaijibu ya pili, ndege angani na samaki majini. Ya sita inaijibu ya tatu, wanyama na mtu juu ya nchi kavu. Mstari wa pili ulisema nchi ilikuwa "ukiwa, tena utupu". Ukiwa unaondolewa kwa kutenga, utupu unaondolewa kwa kujaza.

Pili, nuru kabla ya jua. Wayahudi waliopelekwa uhamishoni Babeli waliishi katikati ya watu walioliabudu jua na kuuabudu mwezi, kila kimoja kikiwa na jina lake la kiungu na hekalu lake. Angalia Mwanzo inavyofanya: haivitaji kwa majina. Inasema tu mwanga mkubwa na mwanga mdogo, halafu nyota zinatajwa kwa maneno mawili, kwa kupita. Taa zimetundikwa kufanya kazi. Waambie mabinti wako kuwa nuru ni ya Mungu kabla haijawa ya jua. Na wakikubana juu ya urefu wa siku zile, hata Augustino wa Hippo, askofu na mwalimu wa kanisa la kale, zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, aliandika kwamba ni vigumu sana kwetu kufahamu zilikuwa siku za namna gani. Kwa hiyo swali hilo halikuanzia kwenye sayansi ya leo.

Kuhusu siku ya pili, walimu wa kale wa Kiyahudi waliliona pengo hilo hilo. Jibu lao moja ni kwamba kazi ya maji ilikuwa haijaisha. Ilimalizika siku ya tatu maji yalipokusanyika mahali pamoja, na ndiyo maana siku ya tatu ina sifa mara mbili, mstari wa 10 na wa 12. Wapo Wayahudi hadi leo wanaopenda kufunga ndoa Jumanne, ambayo kwao ni siku ya tatu ya juma, kwa sababu hiyo. Tafsiri ya kale ya Kigiriki imeliweka neno "njema" kwenye siku ya pili pia, lakini Kiebrania hakina.

MamaWaMwalo (Ukerewe)

Tumsifu Yesu Kristo. Mwalimu, pokea salamu za ziwani. Kaka wa Dodoma amesema vizuri, sitarudia yake. Mimi ni mchuuzi wa dagaa. Nanunua mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, alfajiri, naanika, nakusanya magunia, napeleka Mwanza soko la Kirumba, na wanunuzi wengine pale wanatoka Kongo. Nasema hivi ili ujue nasoma sura hii nikiwa nimekaa wapi.

Kwetu siku ya kazi inaanza jioni. Jua likizama mitumbwi inatoka. Wavuvi wanashusha taa juu ya maboya, zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, sasa nyingi ni za betri na sola. Dagaa wanajikusanya chini ya mwanga, nyavu inazungushwa, inavutwa. Saa zote hizo sisi wanawake tumelala. Tukifika ufukweni alfajiri tunakuta kazi kubwa imeshafanyika gizani, bila sisi. Kwa hiyo nikisoma "ikawa jioni ikawa asubuhi" sijiulizi kwa nini jioni imetangulia.

Hili ningeliweka jioni ya kwanza kabisa, kabla hata ya kuigusa nuru. Akina mama wako wanafika saa kumi na mbili wakiamini siku imekwisha na hawakumaliza. Kwa hesabu ya Mwanzo, saa hiyo siku ndiyo inaingia. Wazee wa pwani nao huhesabu hivyo, usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Mtu anaianza siku yake kwa kuoga, kula na kulala, na akiamka anaingia katika kazi ambayo Mungu ameianza zamani. Zaburi ya 127 inasema "Yeye humpa mpenzi wake usingizi". Mimi nimewaona wanawake wanaoona haya kulala, wanaojitetea wakikutwa wamejilaza. Wafundishe kwamba usingizi umo ndani ya siku ya kwanza ya dunia.

Na muuguzi wako usimsahau. Yeye usiku ndio anatoka. Mwonyeshe kwamba Mungu hakuliangamiza giza. Aliliwekea mpaka, akalipa jina, Usiku, na jina hilo amelitoa mwenyewe. Anayekesha na wagonjwa anakesha mahali penye jina na mwenyewe.

Sasa siku yako ya pili. Mimi hapo ndipo ningekaa muda mrefu kuliko siku zote.

Ukitaka kuielewa, njoo mwaloni saa sita mchana, mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea. Dagaa tuliowamwaga kwenye chanja, zile meza za kuanikia, asubuhi wamekauka juu tu. Ukiwatazama kwa mbali wanameta kama tayari. Ukitia mkono chini yao ni maji, wananata vidoleni, harufu bado ya ziwa. Wakati ule huwezi kuwauza. Huwezi kuwatia guniani, watapata joto na kuvunda. Huwezi kuwaanua, utawaweka wapi? Unachoweza ni kuwageuza kwa mkono, upande hadi upande, huku jicho liko kwenye wingu linalopanda kutoka ziwani. Mvua ikiwahi, bei inaanguka, wanakuwa dagaa wa kuku. Dagaa wa saa sita si wabaya. Ila hakuna mchuuzi mwenye akili atakayesimama akasema wako tayari.

Ndivyo ninavyoiona siku ya pili. Maji yametenganishwa na maji lakini hakuna nchi kavu bado, hakuna pa kukanyaga. Mungu akaitazama kazi ile, akaacha jioni iingie bila kuisifia. Hakuharakisha neno. Wala hakusema ni mbaya, wala hakuivunja aanze upya. Kesho yake aliendelea pale pale alipoishia, na maji yale yale.

Mwalimu, makanisani tunawalazimisha watu kushuhudia kazi ikiwa bado mbichi. Mtu mumewe yuko hospitali, anaitwa mbele aseme "nimepokea". Mtoto hajarudi nyumbani, mama anaambiwa acheze kwa imani. Nakuomba jioni ya pili umpe yule mjane wa mkaa ruhusa ya kusema "bado" mbele za Mungu, asionekane amepungukiwa imani. Mungu mwenyewe alipitisha siku nzima ya kazi bila kusema njema, na siku ile ikahesabiwa kati ya siku zake.

Tena angalia kazi yenyewe iliyofanyika siku hiyo. Hakuna kitu cha kuonyesha wageni. Ni nafasi tu, katikati ya maji na maji, mahali pa kuvuta pumzi. Nawajua wanawake ambao miaka yao mingi imekwenda hivyo: amesimama katikati ya baba mlevi na watoto, au katikati ya mkwe na mume, kazi yake ni kuzuia maji ya huku yasikutane na ya kule. Ukimuuliza umefanya nini miaka yote, hana nyumba ya kukuonyesha. Lakini watoto wamekua kwenye nafasi ile. Ndege wa siku ya tano wasingekuwa na pa kuruka bila anga ya siku ya pili.

Siku ya tatu sina mengi, akina mama wa mashambani watakufundisha wewe. Sema tu kwamba chakula kilikuwepo kabla ya mlaji.

Siku ya nne nitakuambia ya mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, kwa sababu mwanga umetapakaa ziwa zima. Ukienda unarudi na mafuta umeunguza bure. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku mitumbwi inalala mchangani. Tunasema giza limekwisha, tunangoja giza lingine. Siku hizo nyavu zinashonwa, mitumbwi inazibwa, watoto wanawaona baba zao mchana wakiwa macho, madeni yanasuluhishwa chini ya mwembe, na dagaa wanapona. Nikiwa kijana nilizichukia, maana hela hazionekani. Sasa naona ndizo zilizotulea. Biblia inasema mianga ile "iwe ndiyo dalili na majira na siku na miaka". Mungu aliweka mwezi mahali pa juu ambapo hakuna tajiri wa mitumbwi awezaye kuufikia auzime. Majira yamefungwa huko. Mama ntilie wako anayo majira yake pia: shule zikifungwa, mabasi yakipungua, mwezi wa Ramadhani wateja wa mchana wakiadimika. Mwulize anafanya nini siku hizo, analia au anashona nyavu?

Siku ya tano inaniumiza kidogo. "Zaeni, mkaongezeke, mkayajaze maji." Samaki walibarikiwa kabla yetu, na kwa maneno yale yale tutakayoambiwa sisi siku ya sita. Bibi zetu walikula furu, samaki wadogo wa ziwa letu, wa rangi na maumbo ambayo wajukuu zangu hawatayaona. Sangara waliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi sana za furu zilikuwa zimetoweka. Sangara amejenga nyumba na kusomesha watoto hapa kwetu, siwezi kumtukana. Lakini nikisikia mhubiri anapiga meza juu ya "mkatawale samaki wa baharini", nataka asome kwanza mstari wa 22. Unapewa kutawala kiumbe ambacho mwenye mali ameshakibariki. Ukikimaliza, umeingilia baraka ya mwingine.

Ya sita sema lolote utakalojaliwa, ila neno "chema sana" usiwape watu peke yao. Linasemwa juu ya kila kitu alichokifanya, vyote vikiwa pamoja. Ya saba nitarudi, wateja wameita.

Mtetezi (Kahama)

Mama, nimebarikiwa lakini nina wasiwasi na hapo kwenye siku ya pili. Tukisema Mungu hakuridhika na kazi yake tunamshusha. Mstari wa 31 unasema vyote ni vyema sana, na siku ya pili imo.

MamaWaMwalo (Ukerewe)

Imo, mwanangu, tena hapo ndipo penye faraja. Sikusema hakuridhika. Nilisema hakuitolea neno siku ile. Neno lake lilikuja siku nyingine, wakati anga lina ndege na chini yake kuna watu. Siku ya pili ilisifiwa ikiwa pamoja na wenzake. Wapo watu ambao maisha yao hayatasifiwa yakiwa peke yake pale yalipo, mpaka uone kilichokuja baadaye kwa ajili yao. Kwa hiyo tuko pamoja mimi na wewe.

Sabato_Milimani (Same)

Neema na amani. Mwalimu, ukifika siku ya saba nakusihi usiigeuze kuwa "mapumziko" ya jumla tu, mtu apumzike anapopenda. Mungu aliibarikia siku, akaitakasa siku. Sisi huku Upare tumekuwa na imani hii tangu wamisionari wa Kisabato walipofika Giti mwaka 1903, na mimi nimelelewa ndani yake. Ijumaa kwetu ni siku ya maandalio. Maji yamechotwa, kuni zimepasuliwa, nguo zimepigwa pasi, chakula cha kesho kimepikwa, viatu vya watoto vimepakwa rangi na kupangwa mlangoni. Jua linapogusa mlima, redio ya habari inazimwa, tunakaa, tunaimba. Inaanza jioni, kama mama wa Ukerewe alivyosema. Kama siku haina saa ya kuingia, haiji kamwe. Hilo nimeliona kwa ndugu zangu wanaosema "nitapumzika nikipata nafasi". Nafasi haipatikani.

Na jambo moja kwenye maandiko: siku sita zote zimefungwa na "ikawa jioni ikawa asubuhi". Siku ya saba haina maneno hayo. Imeachwa wazi.

Mwalimu_wa_Jioni (Morogoro)

Wapendwa nimesoma yote, sehemu nyingine nimesoma kwa sauti na mume wangu akasikiliza. Mama wa Mwalo, "dagaa wa saa sita" nitaomba nilitumie jioni ya pili, nitasema nimepewa na mama wa Ukerewe.

Ila siku ya saba imenikwama. Yule mjane wa mkaa nimezungumza naye leo baada ya kipindi cha maombi. Nikamgusia kuhusu kupumzika. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwalimu, nisipofungua mlango siku moja, siku hiyo hatuli." Ana wajukuu. Nimekosa la kusema. Nikisimama mbele yake jioni ya saba na kumwambia astarehe kama Mungu alivyostarehe, nitakuwa namwongezea mzigo juu ya mzigo. Na mama ntilie naye atasema vivyo hivyo. Ndugu wa Same, maandalio yako ni mazuri mno, lakini anayeandaa chakula cha siku mbili ni yule aliye na cha siku mbili. Nisaidieni hapo.

Sabato_Milimani (Same)

Umesema kweli dada, na sitalipita swali lako juu juu. Kwetu mwenye shida hupelekewa chakula Ijumaa mchana, kabla jua halijazama. Mashemasi wa kike wanajua nyumba zipi. Bila hivyo Sabato ingekuwa ya wenye nacho.

MamaWaMwalo (Ukerewe)

Nimerudi. Ndugu wa Same amenitangulia kusema nililotaka kusema, na nafurahi limetoka kwake. Juu ya Jumamosi na Jumapili mimi na yeye hatutapatana hapa, mimi ni Mkatoliki, kwetu Bwana alifufuka siku ya kwanza ya juma, na Mkesha wa Pasaka tunaanza masomo na sura hii hii ya Mwanzo, mishumaa mkononi. Lakini juu ya mlango wa siku kuwa na saa yake, namuunga mkono kabisa.

Mwalimu, fungua Kutoka 20 mstari wa 10 usome polepole. Amri ya Sabato inaorodhesha watu: wewe, mwana wako, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, mnyama wako, mgeni aliye ndani ya malango yako. Anayeambiwa hapo ni nani? Ni mwenye nyumba, mwenye watumishi na mifugo. Anaambiwa yeye aache, ili walio chini yake waweze kuacha. Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inataja sababu waziwazi: ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Farao hakuwa na siku ya saba. Alipoombwa siku tatu za ibada aliongeza kazi, akaondoa majani ya kufyatulia matofali.

Kwa hiyo jioni ya saba usimtazame mjane kwanza. Watazame wengine. Uliza mle ndani: nani kati yenu ana dada wa kazi nyumbani? Analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, siku yake ni ipi? Jumapili mkija kanisani yeye yuko wapi? Naamini hapo utasikia kimya. Muulize mama ntilie kuhusu wale mabinti wanaomwoshea vyombo. Waulize wastaafu kama wakwe zao wamewahi kukaa Jumapili bila kupika. Katika kila nyumba yupo mmoja ambaye kustarehe kwa wengine kunapita mgongoni kwake. Siku ya saba inamdai yule mwenye uwezo wa kumwachia.

Halafu ndipo umrudie mjane, na usimrudie kwa mahubiri. Jangwani, mana ya siku ya sita ilikuwa maradufu ili siku ya saba pasiwe na kuokota. Ile ya ziada haikutoka kwa wenye njaa, ilitoka kwa Mungu. Leo itatoka wapi kama si kwenu mliopo? Kikundi chenu kina mfuko? Mimi na wenzangu mwaloni tuna mfuko wa kufa na kuzikana, na mbali na huo tuna utaratibu mwingine: aliyefiwa au aliyejifungua, dagaa wake wanaanikwa na kugeuzwa na wenzake, gunia linafika sokoni na jina lake juu. Hakuna aliyeandika katiba. Mkaa wa makopo hauhitaji ujuzi. Mama mmoja akae mlangoni pale siku moja kwa juma auze, mjane akae na wajukuu zake, na hela zote ziwe zake. Wiki ijayo mwingine. Mkiwa wengi kila mmoja zamu yake itakuja mara chache sana kwa mwaka.

Na hili la ziwa niliseme, kwa sababu nililiahidi moyoni. Mwaka 2024 upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wazaliane. Niliwafikiria sana wachuuzi wenzangu wa Kigoma. Walawi 25 inaipa nchi Sabato yake mwaka wa saba, lakini inajibu pia swali la "tutakula nini", linaulizwa waziwazi mstari wa 20. Mungu hakulikemea swali hilo. Alilijibu kwa chakula. Ziwa likipumzishwa bila mtu kuuliza mama wa mwaloni atapika nini miezi hiyo, nusu ya amri imesahauliwa. Na wewe ukimpumzisha mjane bila kuuliza atapika nini, ni hivyo hivyo.

Mwalimu_wa_Jioni (Morogoro)

Mama, nimekaa na simu mkononi muda mrefu. Ninaye dada wa kazi. Jumapili anabaki na kuku na chakula cha mchana. Nitaanzia kwangu kabla sijasimama mbele ya mtu.

Nimempigia mwenyekiti wa akina mama, amekubali tubadilishe utaratibu wa jioni ya saba: tafakari iwe fupi, muda unaobaki tupange zamu za mlango wa mjane, aliye tayari aandike jina na siku. Mama ntilie yuko hapa ananisikiliza, anasema yeye achukue Jumatatu, stendi inakuwa na watu wachache.

Mfunzi wa Dodoma, zile safu mbili nitazichora ubaoni jioni ya kwanza. Ndugu wa Same, nikiruhusiwa nitasoma ulivyoeleza Ijumaa ya nyumbani kwenu, pamoja na viatu vya watoto mlangoni. Hakuna atakayeuliza wewe ni wa dhehebu gani.

Sabato_Milimani (Same)

Umeruhusiwa, na wakiuliza waambie.